Mguso ni upi, na upi si mguso?

Leo turudi nyuma kidogo. Mwaka 1965, E. A. Johnson wa Royal Radar Establishment, Malvern, Uingereza, alieleza skrini ya kugusa iliyokusudiwa waongoza ndege. Kidole kikigusa waya, hali yake ya umeme hubadilika, nayo mashine huamua kama huo ni mguso.

Mwaka 2007 iPhone ikaitia mbinu hiyo mfukoni, lakini nikirekebisha kidhibiti cha skrini leo swali ni lile lile. Kiwango kikiwa chini mno, tone la maji huhesabiwa kidole. Kikiwa juu mno, kidole chenyewe hupuuzwa. Kwa hivyo napima kwa mkono mkavu, mkono wenye jasho, na chaja ikiwa imechomekwa. Anayetuma pesa kwa simu akisomewa tarakimu asiyoigusa, hasara ni yake.