Mahasimu Wawili, Mpaka Mmoja

Bomachoge, huko Kisii, ilikuwa na kiti kimoja cha ubunge na wanasiasa wawili waliokimezea mate. Joel Onyancha alikipata mwaka 2007, mahakama ikabatilisha ushindi wake, na katika uchaguzi mdogo wa Agosti 2009 Simon Ogari akakitwaa. Uchaguzi wa 2013 uliwapeleka wote wawili bungeni. Si kwamba walipatana. Eneobunge lilikuwa limegawanywa: Onyancha alichukua Bomachoge Borabu, Ogari akachukua Bomachoge Chache.

Mgawanyo huo ulianza na tume ya muda ya mipaka iliyoongozwa na Andrew Ligale na kukamilishwa na tume ya uchaguzi na mipaka, IEBC, Machi 2012, maeneobunge ya Kenya yalipoongezwa kutoka 210 hadi 290. Kaunti za Kisii na Nyamira, yaani eneo la Gusii, kwa pamoja zilitoka viti 10 hadi 13.

Kitutu Chache, iliyogawanywa Kaskazini na Kusini, hali ilikuwa ile ile. Richard Onyonka alimbwaga Jimmy Angwenyi mwaka 2007. Mwaka 2013 Angwenyi alirudi bungeni kupitia Kaskazini, Onyonka akabaki Kusini, nao wakadumu humo hadi 2022. Bomachoge haikuwa na subira hiyo: mwaka 2017 viti vyote viwili vilipata wabunge wapya.

Majina ya viti vya Gusii mengi ni ya koo: Abamachoge, Ababasi, Abanyaribari, Abagetutu. Ukiugawanya ukoo mmoja katika viti viwili, siasa hushuka hadi kwenye milango ya ukoo, na mbunge humtazama mpiga kura kwa karibu zaidi. Kuna pesa pia. Tangu 2003 kila eneobunge limekuwa na mfuko wake wa maendeleo, CDF, hivyo kiti kipya kilikuja na kamati yake, basari zake na vibao vyake kwenye malango ya shule. Kwa maoni yangu, hapo ndipo mwakilishi wa taifa alipogeuka msimamizi wa madarasa na mgeni wa kila matanga. Kutunga sheria hakumpi kura kijijini. Darasa lililoezekwa mabati humpa.

Sasa hesabu imegeuka. Mwaka 2009 wastani wa kitaifa ulikuwa takriban watu 133,000 kwa kila kiti, na Nyamira, yenye watu 598,252 na viti vinne, iliuzidi. Sensa ya 2019 iliupandisha wastani huo hadi takriban 164,000. Nyamira ilihesabu watu 605,576, yaani karibu 151,000 kwa kiti. Kisii nayo, kwa viti tisa, ilibaki chini zaidi, karibu 141,000.

Katiba inataka mipaka ipitiwe kila baada ya miaka minane hadi 12. Miaka 12 tangu Machi 2012 ilitimia Machi 2024, IEBC ikiwa haina makamishna. Mapitio yakija, wabunge wa Gusii hawatakuwa na hoja ya kudai kiti cha 14. Watakuwa na kazi ya kuvitetea 13 walivyo navyo.