Kutoka Picha za Anga hadi Rasta: Chanzo cha Mistari ya Kontua katika Ramani za Rungwe

Mstari wa kontua huunganisha sehemu zenye mwinuko uleule kutoka usawa wa bahari. Fasili hiyo haijabadilika; kilichobadilika ni namna mstari wenyewe unavyopatikana. Insha hii inadai kwamba badiliko hilo linagusa kiwango cha kuaminika kwa ramani za maeneo yenye miinuko, kama kata ya Nkunga wilayani Rungwe.

Ramani za topografia za Tanganyika za skeli ya 1:50,000 zilitokana kwa sehemu kubwa na kazi ya idara ya upimaji wa makoloni iliyoanzishwa na Uingereza mwaka 1946. Kontua zake zilichorwa kutoka jozi za picha za anga. Mchoraji alizitazama picha mbili kwa pamoja, akaiona ardhi ikiwa na kina, kisha akaifuata kwa alama ya chombo katika mwinuko mmoja. Palipokuwa na msitu, alilazimika kukisia kimo cha miti na kukiondoa. Makadirio hayo yalikuwa ya mtu aliyejua anachokitazama.

Chanzo kipya kilipatikana Februari 2000, chombo cha anga za juu cha Marekani, Endeavour, kilipoipima kwa rada sehemu kubwa ya nchi kavu ya dunia kwa siku 11. Matokeo yake ni rasta, yaani gridi ya miraba ambayo kila mmoja hubeba thamani moja ya mwinuko. Kwa miaka kadhaa, data za Afrika zilizotolewa kwa umma zilikuwa za miraba ya takribani mita 90. Zile za mita 30 zilitolewa mwaka 2014. Mraba wa mita 90 kila upande una mita za mraba 8,100, yaani kama ekari mbili. Shamba zima la migomba la mkulima mdogo huweza kumezwa na namba moja.

Programu kama QGIS haiipimi ardhi upya. Hulinganisha thamani za miraba jirani, hukokotoa mahali ambapo mwinuko ulioombwa ungepita kati yake, kisha huunga nukta hizo kuwa mstari. Mtumiaji akiomba kontua za kila mita 5 atazipata, ingawa upimaji ule ulilenga usahihi wa wima wa mita 16. Aidha, penye msitu mnene kama ule wa Mlima Rungwe, mawimbi ya rada hayakufika chini kikamilifu. Hivyo mstari huelekea kufuata miti badala ya udongo.

Uzito wa suala hili unaonekana katika historia ya Uluguru, ambako amri ya kikoloni ya kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko ilizua ghasia mwaka 1955. Uamuzi kuhusu mteremko ni uamuzi kuhusu shamba la mtu. Kwa hiyo, utafiti unaotumia kontua za rasta katika Nkunga hauna budi kutaja chanzo cha data, ukubwa wa mraba na nafasi ya wima kati ya kontua, na kuzilinganisha na vipimo vya uwandani kabla ya kupendekeza lolote.