Airbnb ya Ushago: Vile Utaweka Mgeni Wako Salama Ikonge

Ukishuka matatu hapo Ikonge, kwenye barabara ya kutoka Kisii kuenda Chemosit, angalia vilima. Katikati ya majani chai utaona nyumba kali: mabati ya rangi, geti kubwa, madirisha yamefungwa. Mwenyewe ako Nairobi, ama ako majuu. Anakuja Desemba, anachinja mbuzi, anarudi. Miezi kumi na moja hiyo keja inalala bure.

Msee mjanja ashaona ganji hapo. Unapiga picha safi, unaweka Airbnb ama kwa status ya WhatsApp, na wageni wako: familia imekuja mazishi na imekosa pa kulala, watu wa harusi, msee wa kazi ya wiki mbili Nyamira, wapenzi wanatafuta baridi na utulivu. Fiti sana. Lakini ukishampea mtu kitanda, hiyo usiku maisha yake iko mikononi mwako.

Hii maneno si ya kutishana. Januari 2024, wanawake wawili waliuawa Nairobi wakiwa kwa keja za kukodi kwa siku: mmoja South B, mwingine siku chache baadaye Roysambu. Mwisho wa huo mwezi watu walijaa barabarani miji mingi Kenya kupinga mauaji ya wanawake. Na swali moja lilibaki kwa kila mwenye Airbnb: unajua nani ako ndani ya nyumba yako sai?

Usiseme hizo ni mambo za Nairobi. Kule kuna mlinzi chini na jirani nyuma ya ukuta. Ikonge nyumba yako imesimama peke yake ndani ya shamba, na wewe uko safari ya masaa tano, sita. So hapa ndio unafaa kuwa rada zaidi.

1. Jina kabla ya doh

Uliza kitambulisho cha kila mtu mzima atalala hapo, sio yule amelipa peke yake. Linganisha jina na ile imetokea kwa M-Pesa. Zikikosana, uliza, usione haya. Wamesema wako wawili na wamefika wanne saa nne usiku? Muongee kwa geti kwanza, kabla mlango ufunguliwe.

Weka daftari: jina, namba ya simu, namba ya gari, saa ya kuingia na ya kutoka. Mtu akikataa kabisa kuonyesha kitambulisho, mwache aende. Hiyo pesa haikuwa yako.

Lakini pia usimwanike. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019. Picha ya kitambulisho cha mgeni haifai kuzunguka kwa grupu ya familia. Daftari ikae mahali pa kufungwa.

2. Ufunguo

Hapa ndio keja nyingi za ushago huangukia. Fundi alijenga akabaki na spea. Binamu ako na moja. Mathe wa kufua ako na ingine. Halafu kuna ile ya chini ya nyungu ya maua, na kijiji mzima inajua.

Siku unaanza hii biashara, badilisha vitasa vyote. Ufunguo ziwe mbili tu: ya mgeni, na ya mtu mmoja mwenye unamuamini. Kama unatumia kufuli ya namba, badilisha namba kila mgeni akitoka.

Halafu weka komeo ya ndani kwa mlango wa mbele na kwa kila chumba cha kulala. Komeo ni ya bei ya chini lakini inampea mgeni usingizi, juu akishafunga, hakuna ufunguo ya mtu inaingia. Hata yako. Na wewe mwenye nyumba, pigia mgeni simu kabla ya kuja, hata kama unaleta tu maziwa.

3. Jiko, stima na radi

Ikonge kuna baridi, na mgeni wa kutoka Mombasa ataomba jiko ya makaa. Usimpee ndani ya nyumba. Makaa ikiwaka kwa chumba imefungwa inatoa gesi haina rangi na haina harufu. Mtu analala, haamki. Mpee blanketi nzito mbili na chupa ya maji moto. Mtungi wa gesi ya kupika nao ukae nje, paipu ipite kwa ukuta.

Shawa ya moto ya stima ni ingine. Kama maji inakupiga shoti kidogo, usimwambie mgeni avae slipasi. Zima, ita fundi mwenye ako na leseni ya EPRA, aangalie waya wa ardhini.

Sasa angalia madirisha. Grili zinazuia mwizi, lakini moto ukiwaka usiku zinafungia mgeni ndani. Angalau dirisha moja kwa kila chumba cha kulala iwe na grili ya kufunguka kutoka ndani, na mgeni aonyeshwe vile inafunguka. Ongeza mtungi wa kuzima moto na kengele ya moshi.

Na radi. Ukanda wa Kisii na Nyamira unajulikana kwa mvua ya jioni yenye ngurumo. Weka kinga ya radi kwa paa, na uandike mahali mgeni ataona: mvua ikianza kunguruma, chomoa TV na chaja, na usisimame chini ya mti.

4. Kamera: nje pekee

Kamera kwa geti na kwa parking ni sawa, na mgeni aambiwe iko. Ndani, zii. Airbnb yenyewe ilipiga marufuku kamera zote za ndani kuanzia tarehe 30 Aprili 2024, dunia mzima, hata za sebuleni.

5. Mtu wa usiku

Kama utasahau zingine zote, shika hii. Kamera haifungui mlango. Grili haipeleki mtu hospitali. Saa nane usiku kitu ikifanyika, kuna swali moja tu: nani atafika kwa dakika kumi?

Wewe uko Nairobi, so tafuta mtu wa hapo karibu. Anaeza kuwa jirani, anaeza kuwa kijana wa boma. Mlipe vizuri, maanake usipomlipa, simu yake itakuwa imezima hiyo siku. Mgeni apewe namba yake na jina yake. Mjulishe pia mzee wa kijiji na watu wa Nyumba Kumi kwamba unapokea wageni. Hauwapei majina ya wageni. Unawaambia tu ukiskia kelele kwa hiyo boma, usipite.

Na mgeni wa kufika usiku asiachiwe kutafuta njia peke yake. Mtumie boda unamjua, umwambie mgeni jina ya huyo boda na namba ya pikipiki kabla afike steji.

Nyuma ya mlango bandika karatasi: namba ya mtu wa usiku, 999 na 112 za dharura, 1195 ya dhuluma za kijinsia, 97771 ya Kenya Power, na vile mtu ataelekeza gari kufika hapo. Mgeni hajui Ikonge. Akiitisha ambulansi atasema niko wapi?

6. Leseni

Nyumba ya kukodishia wageni inaangaliwa na TRA, mamlaka iliyoundwa na Sheria ya Utalii ya mwaka wa 2011. Kuna pia kibali cha biashara cha kaunti. Usikwepe. Siku kuna noma na hauko na karatasi, wewe ndio utaulizwa wa kwanza.

Kama wewe ndio mgeni

Tumia beste yako lokesheni, jina ya mwenye nyumba na saa unatoka. Ukifika, jaribu komeo kabla ya kufungua begi. Kama ni chali ama dem mmejuana mtandaoni, mkutane kwanza mahali kuna watu. Na kama roho inakataa, toka. Pesa ya usiku mmoja utaipata tena.

Mwenye keja, kabla uweke hiyo tangazo fanya kitu moja: lala hapo mwenyewe usiku mmoja, peke yako, taa zimezimwa. Kila kitu itakufanya uamke uangalie dirisha, rekebisha hiyo kwanza. Halafu sasa karibisha mgeni.