Mtu ni Afya: Funzo la Usafi kutoka kwa Jirani Zetu

Baada ya hesabu za fedha na habari za misiba, tumeona yafaa kuwawekea wanachama na wazee wetu habari moja ya zamani. Sababu yake yajulikana. Choo tulichokijenga kwa michango ya wote karibu na uwanja wa mikutano kimegeuka ghala la kuni, nacho hakijatimiza hata miaka miwili. Tulitoa fedha, tukaajiri fundi, tukashangilia. Lakini hatukukaa kitako na wale watakaokitumia.

Kosa la namna hii si geni katika nchi yetu. Tauni ilipoingia Nairobi mwaka wa 1902, soko la Wahindi lilichomwa moto kwa amri. Vibanda viliteketea, lakini tauni iliurudia mji huo katika miaka iliyofuata. Mashambani nako, wakati wa ukoloni, wengi walichimba vyoo kwa kumwogopa chifu na mkaguzi. Mkaguzi akiisha kupita, njia ya chooni iliota majani. Amri iliweza kuchimba shimo. Haikuweza kubadili mazoea.

Jirani zetu wa Tanzania walijaribu njia nyingine. Mwalimu Julius Nyerere alikuwa amekwisha kuwataja maadui watatu wa taifa lake, yaani ujinga, umaskini na maradhi. Mwaka wa 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliongoza kampeni ya nchi nzima iliyoitwa Mtu ni Afya. Haikuanza kwa jembe, bali kwa mafunzo. Waalimu wachache waliwafundisha wenzao wa wilaya, nao wakawafundisha wa tarafa, hata wakapatikana viongozi wa vikundi wapatao 75,000. Watu waliojiunga na vikundi hivyo walikadiriwa kuwa milioni 2.

Kwa muda wa majuma 12 kila kikundi kilikutana penye redio. Ajuaye kusoma aliwasomea wenziwe kitabu cha kampeni, na wote walisikiliza kipindi. Redio ilipozimwa ndipo kazi ilipoanza. Je, ugonjwa huu upo kwetu? Watoka wapi? Nasi tutafanya nini?

Tutazame safura kwa mfano. Mayai ya minyoo yake hutoka pamoja na choo cha mgonjwa, yakaanguliwa katika udongo wenye unyevu. Viluwiluwi vyake hupenya ngozi ya mguu usio na kiatu, na minyoo hiyo ikifika matumboni hunyonya damu hata mtu akalegea. Mzee akiisha kuelewa hayo, hahitaji askari wa kumsukuma. Atajua kwamba kichaka cha jirani ni hatari kwa mjukuu wake, na kwamba choo chake peke yake hakitoshi. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Basi watu walichimba vyoo kwa malaki, wakafyeka majani na kufukia madimbwi ya mbu. Hata hivyo si haki kuwasifu kupita kiasi. Mwaka wa 1977 kipindupindu kiliipiga Tanzania kwa nguvu, na katika miaka ya 2010 serikali yake ililazimika kuanzisha kampeni nyingine ya vyoo, iliyoitwa Nyumba ni Choo. Usafi ni kama palizi: aliyepalilia mwaka jana hana budi kushika jembe mwaka huu.

Kwa hiyo twawaomba wanachama wasipige kura ya kutoa fedha za kukitengeneza choo chetu kabla ya kuketi kwa vikundi, kijiji kwa kijiji. Tuwaulize akina mama na vijana, ambao hatukuwauliza hapo kwanza, kwa nini waliacha kukitumia. Je, ni mlango usiofungika, ni giza, au ni ukosefu wa maji? Tukubaliane nani atakayeshika ufunguo, nani atakayeteka maji, na zamu ya kufagia itakwendaje. Yakiisha kukubaliwa hayo, mweka hazina na afungue sanduku. Yasipokubaliwa, heri fedha zikae, maana kuni zimekwisha kupata nyumba nzuri kuliko zilivyostahili.