Mnufaika wa Wosia: Si Mrithi, Ila Kaachiwa

Neno la Kiingereza legatee mara nyingi hufasiriwa "mrithi", na hapo haki za watu huanza kuchanganywa. Mrithi hupata kwa damu au kwa ndoa. Hata marehemu asipotamka neno, fungu lake lipo. Legatee hupata kwa kauli ya marehemu tu. Asipotajwa, hana chake.

Tuseme mzee wa Suji, juu milimani wilayani Same, mwenye ng'ombe na shamba la kahawa, alipendana kwa siri na mama aliyekuwa kibarua wa mkonge huko tambarare, wakazaa. Mzee akifa bila wosia, kikao cha ukoo kitaandika muhtasari wa kupeleka Mahakama ya Mwanzo, na jina la mama yule halitakuwamo. Kanuni za mila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963, kwa jamii zinazofuata ukoo wa baba, zilimfungia mlango hata mtoto: aliyezaliwa nje ya ndoa harithi upande wa baba pasipo wosia. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza mtoto kunyimwa manufaa ya mali ya mzazi wake. Mama bado yuko nje.

Kilichobaki ni wosia, nao una masharti. Kanuni hizo za 1963 zinataka wosia wa mdomo ushuhudiwe na watu wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili wengine, pamoja na mke aliyepo nyumbani. Kwa hiyo mzee akitaka kumwachia mama yule kwa mdomo japo mtamba mmoja, sharti amtaje mbele ya mkewe na nduguze. Asiyethubutu kusema hufa na siri yake, na mpenzi wake hubaki mikono mitupu.

Pwani, kizuizi kilikuwa kingine. Seyyid Said, sultani wa Zanzibar, alipofariki mwaka 1856, watoto aliowaacha, kwa masimulizi ya bintiye Salme, wote walikuwa wa masuria, na walirithi kama ambavyo watoto wa ndoa wangerithi. Lakini suria alikuwa mtumwa, si mke. Kwa fikihi ya Kishafi, aliyemzalia bwana wake aliachwa huru bwana alipokufa, ila fungu la mirathi hakuwa nalo. Akiachiwa kitu kwa wosia, kilitoka ndani ya theluthi moja ya mali, ambayo ndiyo mpaka wa wosia wa Kiislamu. Hati za wosia wa theluthi hiyo ndizo za kusomwa na anayetafuta uhusiano wa bwana na mtumwa, ingawa hazimwambii kama palikuwa na pendo au amri tu.

Basi legatee tumwiteje? "Mwusiwa" linafuata mkondo wa mshtakiwa na mdaiwa. Tatizo ni kwamba kuusia ni kunasihi pia, kama mshairi Mwana Kupona alivyomuusia bintiye mwaka 1858. Mwusiwa huenda akawa aliyepewa maneno matupu. "Mnufaika wa wosia" ni refu, lakini halina utata na wanasheria wetu wamekwisha kulizoea. Karani akiliandika mahali pa "mrithi", kila asomaye ataelewa kuwa dai la mtu huyu linasimama juu ya wosia na mashahidi wake. Ukoo ukitaka kulipinga, hauna haja ya kubishania nasaba wala ndoa; utauliza nani alikuwapo wosia ukitolewa.