Komboa

Kitenzi hiki ni cha rehani. Mtu akiweka bangili zake kwa mkopeshaji, siku akipata pesa huenda kuzikomboa. Enzi za utumwa Unguja, hata mtumwa aliweza kujikomboa kwa kumlipa bwana wake.

Soko la watumwa lilifungwa Juni 1873. Mwaka huohuo, pale pale Mkunazini, Waanglikana wakaweka jiwe la msingi la Kanisa Kuu la Kristo. Askofu Edward Steere, mfasiri wa Maandiko, amezikwa humo nyuma ya altare. Ndani ya kuta hizo Yesu huitwa Mkombozi.

Basi fidia ya ukombozi huo alilipwa nani? Origen wa Aleksandria, karne ya 3, alidhani ni Shetani. Baadaye mwanateolojia Anselm akakataa katakata. Kwao lilikuwa fumbo la kitabuni. Mkunazini, mpokeaji wa fedha alikuwa na jina na nyumba mtaani.

Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU), Dar es Salaam 1963, ililivua neno bei yake: uhuru ukawa wa kudai, haununuliwi. Wanateolojia wa ukombozi barani wameegemea huko, nami naona wako sahihi, ingawa kwenye ibada bado tunaimba lugha ya rehani.