Walimu Kuandikiana: Toka Msimulizi hata Mtandao

Katika historia ya elimu ya nchi yetu yameandikwa mengi juu ya shule, sera na mitaala. Ni machache yaliyoandikwa juu ya jambo ambalo kila mwalimu wa shamba hulijua bila ya kufundishwa, nalo ni upweke wa kazi yake. Mwalimu aliyepangiwa kazi Wampembe au Kala, mwambao mwa Ziwa Tanganyika, hakosi majirani wala hakosi wanafunzi. Anachokosa ni mwenziwe wa kazi wa kumwuliza: wewe somo hili umelifundishaje, na watoto walikwama wapi? Akikosa wa kumwuliza mwaka wa kwanza atauliza nafsi yake; mwaka wa tano ataacha kuuliza.

Vyombo vya kuuvunja upweke huo vimekuwako kwetu kwa muda upatao miaka 140: gazeti, barua, redio, na sasa mtandao wa kompyuta na simu. Leo walimu wanafundishwa kutumia vyombo vya mtandao kana kwamba jambo hili halina baba wala babu. Nia ya insha hii ni kuonyesha kwamba linao, na kwamba katika historia yake yote swali limekuwa moja: je, mwalimu amepewa chombo ili asome tu yaliyoandikwa na wengine, au ili naye aandike na ajibiwe?

Nitatazama jambo hili kutoka Namanyere. Mji huu ni makao makuu ya Wilaya ya Nkasi, juu ya uwanda wa Ufipa, katika nchi ya ufalme wa zamani wa Nkansi ambao wilaya imerithi jina lake. Njia moja yaenda Sumbawanga, nyingine Mpanda. Na upande wa magharibi nchi yateremka hata Kirando na Kipili, ziwani. Mkoa wa Rukwa wenyewe uliundwa mwaka 1974, kwa kuiunganisha Ufipa iliyokuwa chini ya Mbeya na Mpanda iliyokuwa chini ya Tabora. Kwa hiyo kwa muda mrefu nchi hii ilikuwa pembe ya mbali ya utawala wa mahali pengine, na kila chombo cha mawasiliano kilichobuniwa pwani kilifika huku mwisho. Mahali pa namna hiyo ndipo panapofaa kupima uwezo wa chombo.

Mwanzo wa habari ni Unguja. Mwaka 1888, katika chuo cha Kiungani cha misioni ya UMCA, wanafunzi walianza kutoa gazeti la Kiswahili lililoitwa Msimulizi. Waliosomea Kiungani walikuwa wakipelekwa bara kuwa walimu, Magila, Masasi, Newala na upande wa Nyasa, nao waliandika barua kurudi chuoni kueleza hali za vituo vyao. Barua hizo zikapigwa chapa, na kwa njia hiyo mwalimu wa Masasi akazisoma habari za mwenziwe wa Magila. Gazeti lilikuwa dogo, na wasomaji wake walikuwa wachache. Lakini sifa tatu lilikuwa nazo ambazo hazikupatikana daima baadaye. Waandishi wake na wasomaji wake walikuwa watu wale wale. Walijuana kwa sura kabla ya kujuana kwa maandishi. Na chuo kilichowafundisha hakikuwaacha walipoondoka.

Zama za Wadachi zilileta gazeti la pili la kukumbukwa, yaani Kiongozi, lililopigwa chapa katika shule ya serikali ya Tanga mwanzoni mwa karne ya 20, likaendelea hata 1916, vita vilipofika huko. Humo waliandika walimu, makarani na watumishi wengine wa serikali waliotawanyika katika koloni lote. Baada ya vita, mwezi Januari 1923, Idara ya Elimu ya Tanganyika ilianzisha Mambo Leo mjini Dar es Salaam. Gazeti hili lilitolewa kila mwezi, nalo lilikuwa na mafundisho, hadithi, mashairi, na habari zilizoletwa na wasomaji kutoka miji na wilaya zao. Shaaban Robert ni miongoni mwa washairi waliotangulia kujulikana kwa kurasa zake.

Yafaa kusema wazi kwamba Mambo Leo lilikuwa gazeti la serikali, na mhariri wake alikuwa mtumishi wa serikali. Asiyekubaliana na utawala hakuwa na nafasi kubwa humo. Hata hivyo gazeti lililazimika kuwapa wasomaji nafasi ya kuandika, kwa sababu bila ya barua zao lisingekuwa na habari za nchi. Mwalimu aliyepeleka barua alingoja mwezi, pengine miezi, kisha akaliona jina lake limepigwa chapa, na wasomaji wengine wakamjibu. Malumbano yao juu ya neno lipi la Kiswahili ni sahihi, desturi ipi ifuatwe, au shairi lipi lina kasoro ya mizani, yalikuwa shule ya watu wazima isiyo na jengo. Tusisahau kwamba Martin Kayamba, mwana wa Kiungani aliyepata kuwa mwalimu, alianzisha chama cha watumishi Waafrika wa serikali huko Tanga mwaka 1922, na katika chama hicho walikuwamo makarani na walimu. Watu waliozoea kuandikiana huona mapema kwamba wana shida moja, na wenye shida moja hutafuta kikao.

Nchini Ufipa elimu ya shule ililetwa zaidi na misioni ya Mapadre Weupe, walioingia Karema mwaka 1885. Wao nao walikuwa na mtambo wa chapa Kipalapala, karibu na Tabora, na mwaka 1950 walianzisha gazeti ambalo, kwa sadfa, liliitwa pia Kiongozi. Kwa upande wa lugha, Kamati ya Kiswahili ya nchi za Afrika Mashariki ilianza kazi tarehe 1 Januari 1930, ikatoa jarida lake, na mwaka 1964 kazi hiyo ikaingizwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Jarida hilo lilipokea maswali juu ya maneno na matumizi yake, likayajibu. Hatuna budi kukiri kwamba usanifu wa Kiswahili usingeenea kama kusingalikuwa na walimu wa shamba waliouliza, waliobisha, na waliosahihisha madaftari kwa kanuni mpya.

Baada ya Uhuru chombo kikubwa kilikuwa redio. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwafikia watu wapatao milioni 2, nayo haikutegemea sauti ya redio peke yake. Wasikilizaji walikusanywa katika vikundi, kila kikundi kikiwa na kiongozi wake na kitabu chake. Viongozi waliofundishwa kwa kazi hiyo walifikia 75,000. Waliokuwa kikundini walisikiliza, wakazungumza, wakaamua la kutenda, kisha wakatenda: wakachimba vyoo, wakafyeka vichaka. Mwaka uliofuata gazeti la Elimu Haina Mwisho lilianza kutoka Mwanza kwa ajili ya waliojifunza kusoma ukubwani. Katika mambo haya mawili somo ni lile lile: chombo kiliwakuta watu wamekaa pamoja, au kiliwapa sababu ya kukaa pamoja.

Jaribio kubwa kuliko yote lilihusu walimu wenyewe. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliagiza kwamba elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo mwaka 1977. Vyuo vya ualimu visingeweza kutoa walimu wa kutosha kwa muda huo mfupi. Ndipo vijana waliomaliza darasa la saba walipochaguliwa, wakapewa madarasa ya kufundisha vijijini, huku wakisomea ualimu hapo hapo kazini kwa muda wa miaka 3. Walisoma kwa masomo ya barua, kwa vipindi vya redio, na kwa kukutana na mkufunzi aliye karibu. Mwishoni walikwenda chuoni kwa majuma 6 na kufanya mtihani. Kati ya 1976 na 1984 waliofuzu kwa njia hii walizidi 35,000. Ni nchi chache duniani zilizothubutu kufundisha walimu kwa mbali kwa wingi wa namna hiyo.

Wenye mzaha waliyageuza maana maandishi ya UPE, wakasema ni Ualimu Pasipo Elimu. Mzaha huo uliumiza, na kwa maoni yangu haukuwa wa haki. Walimu hao walibeba shule ambazo bila ya wao zisingefunguliwa. Upungufu wa mpango ulikuwa mahali pengine. Barua zilikwenda upande mmoja: somo lilishuka, jibu la zoezi lilipanda kupewa alama, basi. Mwalimu wa UPE aliyekuwa akifundisha watoto wa Kifipa kusoma Kiswahili, lugha ambayo wengi waliikuta mlangoni mwa darasa, alijua mambo mengi juu ya sauti zilizowatatiza, mifano waliyoielewa, na wakati wa kurejea lugha ya nyumbani. Maarifa hayo hayakupata ukurasa. Mwenziwe wa Usukuma au Uhehe, aliyekuwa na tatizo la jinsi ile ile, hakuyasikia. Watu 35,000 walipewa masomo, wala hawakupewa gazeti. Walipostaafu, walistaafu na elimu yao.

Mtandao ulipofika, ulionekana kana kwamba umekuja kuliziba pengo hilo. Kamusi elezo huru ya Wikipedia kwa Kiswahili ilianzishwa mwaka 2003. Mwaka 2004 Ndesanjo Macha alianza kuandika blogu yake, Jikomboe, akawa miongoni mwa watangulizi wa uandishi huo katika lugha yetu. Na mwaka 2005 Issa Michuzi alianza yake, iliyopata wasomaji wengi mno. Kwa mara ya kwanza mtu aliweza kuwa mwandishi, mhariri na mpiga chapa kwa pamoja, na msomaji aliweza kumjibu papo hapo chini ya maandishi yake. Lakini uhuru huo ulikuwa na gharama. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka mwenye blogu awe na leseni, na ada zake zilizidi shilingi milioni 2 kwa mwaka wa kwanza. Ada hizo zilipunguzwa baadaye. Lakini mwalimu wa shule ya msingi hakuhitaji hesabu ndefu kujua kwamba mlango ule haukuwa wake.

Basi wengi wakahamia katika makundi ya simu. Huko walimu huandikiana kila siku, na faida yake haikanushiki. Ila makundi hayo yana kasoro mbili. Ya kwanza, hayana kumbukumbu: maelezo mazuri ya kufundisha kugawanya kwa tarakimu mbili yaliyoandikwa jioni hufunikwa na salamu, pongezi na matangazo ya misiba kabla ya asubuhi. Ya pili, mkubwa wa kazi akiwamo kundini, kundi hugeuka ubao wa amri, na wadogo hujibu kwa neno moja tu, nimepokea.

Katika miaka ya 2020 serikali ilianza mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, uitwao kwa kifupi MEWAKA. Walimu hukutana shuleni katika Jumuiya za Ujifunzaji, na Taasisi ya Elimu Tanzania huwawekea moduli katika mfumo wake wa mtandaoni. Rukwa imo pia katika mikoa 9 ya mpango wa Shule Bora uliozinduliwa mwaka 2022. Aliyeifuata historia hii atatambua kwamba umbo la mpango ni jema: kikao kilicho karibu, na maandishi yatokayo mbali. Ndivyo ilivyokuwa kwa vikundi vya redio. Hatari yake pia ni ya zamani: kwamba moduli zishuke, takwimu za mahudhurio zipande, na yaliyosemwa kikaoni yabaki kikaoni.

Kwa hiyo mtu atakayekwenda Namanyere kuwafundisha walimu matumizi ya vyombo hivi asianze na vitufe. Vitufe hujifunzwa kwa siku mbili. Aanze na kikao, awaombe walimu waeleze kwa kurasa mbili tatizo moja la darasani na walilolitenda. Wajifunze kuandika kwa uwazi, kutaja darasa na somo, na kueleza lililoshindikana pamoja na lililofaulu. Kisha pawe na mhariri, mwalimu kama wao, ambaye kazi yake ni kuhakikisha hakuna andiko linalokaa bila ya jibu. Maandishi hayo yahifadhiwe kwa somo na kwa darasa, ili atakayepangiwa Kala miaka 10 ijayo ayakute. Bei ya vifurushi vya intaneti isitolewe katika mshahara wa mwalimu. Na aliyeandika ukweli kwamba somo limewashinda watoto wake asiitwe ofisini kujieleza, kwa sababu siku atakapoitwa, wenzake wote wataandika kwamba kila kitu ni kizuri.

Barua za walimu katika Msimulizi zimehifadhiwa, na mwanachuo anaweza kuzisoma leo akajua kituo kile kilikuwaje na mwalimu wake alihangaika na nini. Juu ya kazi ya walimu wa Ufipa wa miaka ya 1970 twajua idadi yao na alama zao za mtihani. Kizazi kinachofundisha sasa kina chombo chepesi kuliko mtambo wa Kiungani kwa mara nyingi zisizohesabika. Litakalosomwa juu yake baada ya karne moja litategemea kama alifundishwa kukitumia kwa kupokea tu, au kwa kuandika pia.